Uso Uliopigwa Pasi

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Pasi, na wala hajawahi kufua nguo ya mtu. Jina hilo amelipata kwenye studio yetu ya picha, kwa sababu hakuna uso unaotoka pale ukiwa na mkunjo. Unaingia na chunusi zako, makovu yako ya utotoni na mifuko yako chini ya macho, unatoka umenyooka. Wateja wanampendea hilo. Mimi ndiye ninayekaa kaunta na kukabidhi bahasha, na nimeshamwona mama mtu mzima akiitazama picha yake mwenyewe na kuniuliza, "Huyu nani?" Kisha akacheka na kuagiza nakala nyingine.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kaka yangu ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia, nikapumua. Ni mtu aliyekolewa na kazi yake tu, na mke wake anampenda kuliko anavyostahili.

Huyo mke wake, wifi yangu, ndiye uso wa studio. Kila msimu wa harusi unapokaribia, Pasi humvalisha shela na taji, humshikisha maua ya plastiki ambayo nimeyafuta vumbi mpaka yamepauka, na kumpiga picha mpya za mfano za kuwaonyesha maharusi. Wifi ana uso usiohitaji pasi, na anajua. Tangu aolewe tunataniana mpaka wateja wageni hudhani tunagombana. Mimi namwambia amezeeka, yeye ananijibu kwamba angalau ana mtu wa kuzeeka naye.

Asubuhi moja alitoka kwenye ile kona ya kujipodolea, nyuma ya pazia, mkono umefunika mdomo.

"Wifi, nitazame. Usicheke."

Akaondoa mkono. Upande wa kushoto, pale ubawa wa pua unapokutana na mdomo wa juu, palikuwa na kachunusi kekundu kenye ncha nyeupe.

"Ndiyo hiyo tu? Mimi nimeamka na tatu na sijaitisha mkutano."

"Picha ni Jumamosi."

"Basi iache. Mpaka Jumamosi itakuwa imekufa yenyewe."

"Imeshaiva, wifi. Nikiibana mara moja tu..."

"Hapo hapo? Umesahau maneno ya Shangazi?"

Hakuwa amesahau. Shangazi ni dada mkubwa wa baba yetu, alifanya kazi ya uuguzi mpaka akastaafu, na anaishi mji mwingine, mbali. Katika ukoo wetu hakuna anayekwenda hospitali kabla Shangazi hajasema. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo, ndivyo tulivyokua. Zamani tulikuwa tunampigia simu na kueleza, siku hizi tunamtumia picha: ulimi wa mtoto, kidole cha mguu cha baba, vipele vya mpwa. Yeye huvaa miwani, huangalia, kisha hujibu kwa sauti yake ile isiyo na mbwembwe: "Hiyo si kitu," au, "Nendeni sasa hivi." Sijawahi kusikia amekosea. Tumbo la baba alilijua kabla ya daktari.

Siku wifi alipoletwa nyumbani kutambulishwa, Shangazi alimshika kidevu mbele yetu sote na kumchora pembe tatu usoni kwa kidole, kutoka katikati ya macho mpaka kwenye kona mbili za mdomo. "Humu ndani, mwanangu, usiminye kitu. Damu ya hapa ina njia ya kupita nyuma ya jicho, na kutoka huko mpaka kichwani. Nimeona mtu akipofuka kwa chunusi. Nimeona mtu akifa kwa chunusi." Tulicheka mpaka machozi. Tulijua Shangazi anapenda kutia chumvi.

Basi wifi alinikata jicho, akarudi nyuma ya pazia. Kioo cha pale kimezungukwa na taa, kila kitundu cha ngozi unakiona kikubwa, na mimi siku zote nimekuwa nikisema kwamba kioo kile kinachokoza watu. Nilimsikia akivuta hewa kwa meno. Alianza kwa kucha, na kucha zilipoteleza akachukua kibano cha nyusi, kile kile tunachowachongea maharusi wote. Alipotoka alikuwa na kitambaa cha karatasi chenye doa la damu, na uso wa mtu aliyeshinda.

"Imetoka yote na mizizi," akasema, akapaka poda juu yake.

Kesho yake pale mahali palikuwa pamekaza na kung'aa. Hapakuwa na chunusi tena, palikuwa na kidonda, na ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu kuzunguka ubawa wa pua. Ilimwasha. Alipangusia spiriti ya kufutia vioo vya fremu, ikamchoma mpaka akaruka. Mchana akapaka dawa ya meno, kwa kuwa shoga yake mmoja alimwambia inakausha. Ikakausha kweli, ngozi ikapasuka. Jioni kikawa kimeota kigaga, naye akakibandua.

Mkono wake haukutulia. Anaongea na mteja, mkono uko usoni. Anahesabu fremu, mkono uko usoni. Mara mbili nilimpiga kofi la mkononi kama mtoto anayedokoa.

"Acha, wewe! Utajitoboa."

"Inawasha, wifi. Huwezi kujua inavyowasha."

Kisha ikaacha kuwasha, ikaanza kuuma, na hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Mdomo wa juu ulivimba upande mmoja, maneno yakawa yanamtoka mazito. Alipocheka alicheka nusu. Nilimgusa shavu kwa mgongo wa kidole, nikalikuta la moto na gumu.

"Huyu aende hospitali," nikamwambia kaka yangu.

Pasi aliacha alichokuwa anafanya, akamtazama mke wake kwa huruma ya kweli. "Tumtumie Shangazi kwanza," akasema.

Hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe, mwenye mdomo kuliko wote, nilitikisa kichwa kukubali. Ndivyo tulivyokua.

Nikatoa simu yangu nimpige picha, Pasi akanizuia. "Picha ya simu ya nini? Macho ya Shangazi si ya jana. Tumpelekee kitu anachoweza kukiona." Akamkalisha wifi kwenye kiti cha picha, akawasha taa zote mbili, akasogeza mwavuli, akamwinua kidevu kwa vidole viwili kwa upole kama anavyowafanyia maharusi. Akapiga. Mimi niliitwa kaunta na bwana mmoja aliyekuja kulalamika kwamba kwenye picha yake ya kitambulisho amekonda, kwa hiyo sikufika kwenye kompyuta. Niliwasikia tu kwa nyuma.

"Mbona si mbaya hivyo?" Hiyo ilikuwa sauti ya wifi. "Ninavyoisikia ni kama kichwa kizima kimevimba."

"Unaona sasa? Woga wako tu, mama."

Jibu la Shangazi lilifika kabla hatujafunga. Pasi aliliweka kwa sauti, sote tukasikiliza. "Nimeiona. Ni kidoa kidogo, hakina uvimbe wowote. Kanda kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, na mwambie huyo mtoto aache kuchokonoa. Kukianza kuvimba niambieni."

Nakumbuka nilivyomtazama wifi tukisikiliza maneno hayo. Alikuwa ameegemea mlango, mdomo umevimba, na anatabasamu kwa faraja. Mimi nilijiambia kwamba Shangazi ana macho ya kazi, huenda uvimbe anaouita yeye uvimbe ni wa namna nyingine. Mtu akishamwamini mtu miaka yote hiyo, anaanza kuyasuta macho yake mwenyewe.

Siku iliyofuata wifi hakuja studio. Nilimkuta nyumbani kwao amelala na shuka mpaka shingoni, anatetemeka na huku anatoka jasho. Picha za mfano zilishaahirishwa na wala hakuziulizia, jambo ambalo lilinitisha kuliko homa. Shavu lilikuwa limepanda. Ule mstari kati ya pua na shavu haukuwepo tena. Kwenye kile kidonda usaha ulikuwa umechungulia, na chini ya jicho la kushoto ngozi ilikuwa imetuna na kugeuka rangi.

"Kichwa," akaniambia. "Nyuma ya jicho, wifi. Kama kuna mtu anasukuma kutoka ndani."

"Shangazi kaambiwa?"

"Kaka yako kanipiga nyingine asubuhi. Kabeba kamera mpaka hapa, kisha kakimbilia nayo studio kwenye kompyuta, masikini. Shangazi kasema inapungua."

"Inapungua nini?"

"Kasema inaendelea vizuri."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikamtazama. Wifi alifunga macho. La kulia lilifunga, la kushoto halikuwa na haja, lilikuwa limeshakaribia kuzibwa na uvimbe. Sikuelewa. Mimi si mtaalamu wa chochote isipokuwa bahasha, lakini shavu lile lilikuwa halipungui. Na Shangazi ninayemjua mimi asingeweza kulitazama shavu lile akasema hivyo.

Nikaenda ukumbini nikampigia. Pasi alikuwa jikoni anachemsha maji ya kukanda.

"Shangazi, shikamoo. Umemwona wifi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemwona, anaendelea vizuri. Mbona sauti yako hivyo?"

"Shangazi, jicho linafunga."

"Jicho gani?"

"La kushoto. Limevimba, halifunguki vizuri. Na homa, na kichwa kinamuuma nyuma ya jicho."

"Wewe unamzungumzia nani? Mimi nina picha ya asubuhi hii mbele yangu. Macho yote mawili yako sawa. Mashavu yako sawa. Ana kidoa kimoja tu."

Nilirudi chumbani mbio, nikamwelekezea wifi simu yangu, bila taa, bila mwavuli, nikampiga hivyo hivyo alivyo na shuka lake na nywele zake zimelowa jasho. Nikatuma. Nilisimama na simu sikioni nikingoja, nikasikia miwani ya Shangazi ikigonga meza. Kisha nikasikia pumzi yake.

"Mpelekeni sasa hivi," akasema. Sauti haikuwa ile tunayoijua. "Msimwogeshe, msimvalishe, msitafute viatu. Mwambie daktari imeanzia puani, jicho linafunga, kichwa kinauma nyuma ya jicho. Anza kwa maneno hayo kabla ya salamu. Na ile picha ya kwanza mimi nimetumiwa na nani?"

Pasi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji. Nilimnyang'anya simu yake mfukoni, nikaifungua pale pale. Wifi alikuwepo, kwenye taa nzuri, amekaa wima. Mashavu mawili yanayolingana, mdomo mmoja mzuri, ngozi laini kama ya mtoto, na karibu na pua kidoa kidogo. Picha ya asubuhi ilikuwa nzuri zaidi. Hata kile kidoa kilikuwa kimefifia.

"Umefanya nini?"

"Sijagusa kitu!" akasema. "Naapa. Nimeitoa kwenye kamera, imeingia kwenye kompyuta, nimeangalia mwanga tu, nikaihamishia kwenye simu, nikatuma. Sijagusa..."

Akaishia hapo. Nilimwona akikumbuka. Msimu uliopita, maharusi walipomzidi, alikuwa ameipanga kompyuta ifanye yenyewe: kila uso unaoingia, kabla haujafunguka kwenye kioo cha kompyuta, ufutwe madoa, ulainishwe ngozi, na shavu lililozidi lipunguzwe lilingane na mwenzake. Alijisifu wiki nzima kwamba sasa pasi inajipiga. Tangu hapo hajawahi kuona uso wa mtu kwenye kompyuta ile ukiwa kama ulivyo, na alishazoea kiasi kwamba hakuona kilichokosekana kwenye uso wa mke wake mwenyewe, aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka kwake akiwaka homa.

Sufuria ilimponyoka. Maji ya moto yalimmwagikia mguuni na wala hakuusogeza.

Hospitali walimpokea haraka, kwa sababu nilianza na maneno ya Shangazi kabla ya salamu. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono baridi. Alimfunua wifi kope kwa kidole gumba, akamwangazia tochi, akamwambia afuate mwanga. Jicho la kulia likafuata. La kushoto likabaki pale pale limeduwaa. Daktari akazima tochi, akasema jambo kwa muuguzi, na muuguzi akaondoka mbio. Nimeshakaa hospitali sana kwa ajili ya baba, na nimejifunza kwamba wauguzi hawakimbii bure.

"Hii imepanda kutoka kwenye kidonda hiki," akatuambia. "Imeingia kwenye mishipa ya nyuma ya jicho. Tunampa dawa za mshipa sasa hivi, tunamfanyia kipimo cha kichwa. Uhai wake tunaupigania. Jicho siwezi kuwaahidi." Akamgeukia kaka yangu. "Uvimbe umeanza lini? Nataka kujua umekwenda kwa kasi gani. Mna picha yoyote ya jana?"

Pasi alimpa simu. Nadhani mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, mtu akiombwa picha anatoa picha. Daktari akaitazama, akatazama kitandani, akaitazama tena.

"Hii ni ya lini?"

"Ya jana."

"Baba, mimi nimeomba ya mgonjwa huyu."

Kaka yangu alikaa chini kwenye sakafu ya korido, mtu mzima na suruali yake ya kazi, akashika kichwa. Nilitaka kumpiga teke. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikabaki nimesimama na kandambili za wifi mkononi, ambazo sijui nilizibeba saa ngapi baada ya kukatazwa.

Zikafuata siku za kusubiri nje ya mlango. Shangazi alisafiri akaja, akakaa nasi kwenye benchi, na hakumgombeza mtu. Ningefurahi kama angegomba. Alikuwa ameishika simu yake mapajani, imezimwa, na kila mara alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Niliona kitu kizuri nikaamini." Kuna mchana mmoja waliingia wengi chumbani kwa pamoja na pazia likavutwa, tukamsikia wifi akitaja majina ya watu waliokwisha kufa zamani, akiwaita kama wako pale. Pasi aliuma ngumi yake mpaka ikatoka alama.

Lakini dawa zilishika. Homa ilivunjika asubuhi moja, wifi akaniuliza kama nimefungua studio au natafuta kisingizio cha uvivu. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, nikamwambia alivyo mbaya sasa, wateja wamefurahi kutomwona. Kila siku shavu lilishuka kidogo. Mdomo ukarudi kuwa mdomo. Kidonda kikabaki shimo dogo lenye ngozi mpya, na mikono yake, iliyofungwa bandeji kwa ajili ya sindano, ikaacha kulitafuta.

Lile jicho ndilo lililobaki limefunikwa. Kila alipokuja daktari tulimuuliza, naye kila mara alijibu kwamba tungoje uvimbe wa kope ushuke. Pasi alikuwa haulizi. Alikaa kando, anakunja na kukunjua ukingo wa shati lake.

Uvimbe wa kope ulishuka. Asubuhi hiyo nilipofika jua lilikuwa limejaa dirishani, na wifi alikuwa amelala ameelekeza uso juu. Nikavuta kiti nikakaa upande wangu wa kila siku, wa kulia. Pasi akaingia nyuma yangu bila viatu, kwa vile muuguzi alimgombeza jana kwa kuburuza miguu, akazunguka kitanda akakaa upande wa pili, wa kushoto, ili awe wa kwanza kuliona likifunguka.

Wifi akafumbua macho. Yote mawili.

Nalisema hili bila kutia chumvi: jicho lilikuwa zuri. Jeupe palipo peupe, jeusi palipo peusi, halina wekundu, halina doa. Pasi alilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sufuria nikauona uso wake ukilegea. Akatabasamu. Aliogopa kusema kitu, asije akaiharibu furaha ile, basi akainua mkono taratibu mbele ya uso wa mke wake, akampungia.

Wifi alikuwa ananitazama mimi.

"Umewahi leo," akaniambia.

"Nimewahi."

"Umekuja peke yako?"

Nilimtazama kaka yangu. Mkono wake ulikuwa bado hewani, karibu na lile jicho kiasi kwamba kivuli cha vidole kilianguka shavuni. Tabasamu lilikuwa halijaondoka usoni mwake, lilikuwa limesahauliwa pale.

"Hapana," nikasema. "Nimekuja naye. Yupo hapa, wifi."

Akatazama mlangoni.

"Wapi?"